Mwalimu Aliyezamisha Nyanya

Kila mche ambao Mwalimu aliupanda kwa mkono wake ulikufa kwa kunywa. Sisemi kwa kiu. Kwa kunywa. Nyanya, biringanya, pilipili, hata mrehani aliouomba kwa mama yangu kwa adabu zote, akaurudisha baada ya siku chache ukiwa mweusi kama soksi iliyosahauliwa kwenye beseni. Na huyu ndiye aliyetufundisha biolojia sekondari hapa Gisenyi, na ndiye aliyejua kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye jinsi mmea unavyokunywa maji. Msiniulize ilikuwaje. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi na jibu sina. Nilichonacho ni mke, ambaye nilimpata kwa kinywa cha Mwalimu, na ambaye kinywa hichohicho kilikaribia sana kunikosesha.

Huyo mke nitamfikia. Kwanza mtu mwenyewe.

Alikuwa mrefu, na koti lake la kijivu nililishona bitana mara nyingi hata sijui kama lilibaki koti lake au langu. Mifuko ilijaa vumbi la chaki. Hakukaa. Vipindi vikiisha anavuka mpaka wa Grande Barrière kuingia Goma, Kongo, kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni: kasahau gazeti, kaenda kumsalimia shemeji, kaenda kumalizia ubishi alioukatisha jana. Maofisa wa mpaka walimjua kwa koti. Mimi, kwa upande wangu, safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kwenye cherehani hadi kwenye birika la chai. Nilimaliza sekondari, cheti kikatundikwa ukutani, nami nikakaa chini yake barazani kwa mama nikishona. Tangu hapo tunatazamana, mimi na cheti, hakuna aliyesogea.

Mwalimu akipita hakosi neno.

"We fundi! Iko siku utaota mizizi hapo."

"Mizizi si kitu kizuri, Mwalimu? Wewe mwenyewe ulitufundisha."

"Nilifundisha, ndiyo. Sikusema mukae juu yake."

Sasa niwaeleze hayo maji, maana bila hayo Mwalimu anabaki koti tupu. Vitabu vya zamani vilisema maji yanaingia ndani ya seli ya mmea kwa kupenya tu kwenye utando wake, polepole, kama jasho kwenye shati. Mwalimu alifundisha hivyo miaka yote, na sisi tukakariri hivyo. Kisha mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa akisoma Ubelgiji akamtumia nakala za makala fulani kwa mkono wa msafiri. Siku hiyo Mwalimu aliingia barazani kwetu na karatasi zimefichwa ndani ya koti, anatazama kushoto na kulia, ungedhani amevusha vitenge vya magendo.

"Mama Fundi," akamwambia mama yangu, "nimebadanganya batoto miaka yote!"

Mama akaacha kuchambua maharage. "Na unachekelea?"

"Ninachekelea! Seli iko na milango!"

Akatueleza. Kwenye ule utando kuna milango midogo iliyotengenezwa kwa protini, myembamba kiasi kwamba maji hupita moja moja, kwa foleni, hakuna kusukumana. Wataalamu wameikuta kwa wanyama, wameikuta kwa mimea. Lakini si milango iliyomtia wazimu Mwalimu. Ni kwamba ina mlinzi. Mmea wenyewe ndio unaoamua. Maji yakiwa tele, seli inabandika kwenye mlango kipande kidogo cha fosfeti, na mlango unafunguka. Ukame ukija, kipande kinabanduliwa, mlango unajifunga, na maji yaliyomo ndani hayatoki ovyo.

"Mulango bila mulinzi," alisema, "haiko mulango. Iko tundu tu."

Mama akamuuliza kama mchicha nao unayo milango hiyo. Mwalimu akamwambia mchicha, maharage, viazi, vyote. Mama akautazama mchicha uliokuwa kwenye ungo kwa macho mapya kidogo, kisha akaukatakata.

Darasani alifanya makubwa zaidi. Nilisimuliwa na kila mtu, maana shule nzima ilisimulia. Alisimamisha wanafunzi wawili mlangoni kama mbao za mlango, darasa zima likawa maji, likapita moja moja. Mlango ukibandikwa kipande cha chaki kwenye mfuko wa shati, unafunguka. Chaki ikitolewa, unafunga. Katikati ya ukame, yaani chaki imeshatolewa na nusu ya darasa iko nje inapiga kelele, akatokea Direkta wa shule. Wale wawili wakamfungia usoni.

"Nini hii?" Direkta akauliza.

Sauti ya Mwalimu ikatoka ndani: "Direkta, wewe uko maji ao hauko maji?"

"Mimi niko Direkta!"

"Bon, subiri kidogo. Seli iko na kiu, haipokee mugeni."

Wanasema Direkta alisubiri. Wengine wanasema alibandika chaki mwenyewe kwenye mfuko wa yule kijana, mlango ukafunguka, akaingia kwa heshima zote. Mimi sikuwepo. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nyumbani.

Alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka mke wake akamkataza kulisema mezani: "Mulango kufungwa, hiyo haiko *hapana*. Hiyo iko *ngoja*." Alilisema duka likifungwa mapema, alilisema wanafunzi wakifeli, alilisema mpaka ukisitishwa naye amebaki upande wa pili na mkate wa watu. Mke wake, mama mpole wa Busasamana, siku moja alimfungia nje na mvua inanyesha, akamjibu dirishani kwa neno lake Mwalimu mwenyewe: "Ngoja."

Lakini hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya mafuriko. Kwamba mmea uliosimama kwenye maji mengi hunyauka sawasawa na ule wa jangwani. Mizizi imekosa pumzi, inajifunga milango yote, na majani juu yanalegea kwa kiu huku maji yakiwa mpaka magotini. "Kwa nini hasa inajifunga hivyo," alisema, "bale bakubwa bangali bakibishana. Lakini inajifunga. Halafu mutu anapita, anaona majani imelala, anasema masikini, iko na kiu. Anaongeza maji. Anaua!"

Alisema hayo amesimama kwenye kitalu chake cha nyanya, na bidoni la maji mkononi, anamimina. Udongo ulikwisha kuwa uji. Vyura walihamia.

"Mwalimu," nikamwambia kutoka upande wangu wa ukuta, "si umesema mtu wa namna hiyo anaua?"

"Nimesema."

"Sasa?"

Akatazama nyanya zake zilizolegea, akanitazama mimi. "Sasa angalia namna zinaniangalia."

Akaongeza maji.

Ndivyo alivyokuwa. Alijua, na kujua kwake hakukushuka mpaka kwenye mkono. Watoto wake aliwalisha hivyohivyo, wageni aliwajazia chai hivyohivyo mpaka kwenye kisahani, na wanafunzi wabovu aliwarudishia somo jioni mpaka wakawa wabovu na wamechoka. Mtu hakuweza kumkasirikia, lakini mtu alijifunza kuficha miche yake.

Sasa Zaina. Kwao ni Rugerero, familia iliyorudi kutoka Tanzania, wenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Alikuwa akileta vitambaa vya dada zake nivikate, na kwa kuwa mimi ndiye fundi pekee aliyekuwepo kila siku, kila saa, mahali palepale, tukazoeana. Hilo nalihesabu kama ushindi wa kukaa. Tatizo lilikuwa baba yake mdogo, aliyemlea, dereva wa lori la Kigali. Yeye alishasema waziwazi kwamba mwanamume asiyetoka ataleta nyumbani kitu gani? Ataleta kilichokuwemo.

Mnajua kwetu posa ilivyo. Wakwe wanakuja na msemaji wao, wanaketi upande huu. Wenye binti wanaketi upande ule, na msemaji wao, na kazi yake ni kukataa. Hatuwajui, mmepotea njia, hapa hakuna binti, na huyo mnayemtaja yuko masomoni. Ni mchezo, kila mtu anajua mwisho wake, watu wanacheka na kunywa Fanta. Lakini Zaina alinitumia habari: safari hii baba mdogo atasimama mwenyewe kuwa msemaji, na hatacheza. Atauliza mpaka upande wetu ukaukiwe, halafu aturudishe mbele ya watu wote, mpaka kijana aione dunia kwanza. Akishatamka hivyo kadamnasi, hawezi kurudi nyuma tena. Zaina ataolewa na mwenye magurudumu.

Kwa hiyo tulihitaji mtu asiyewahi kushindwa ubishi. Mama akapiga hesabu ya wazee wote wa mtaa, akashusha pumzi, akaenda kubisha kwa jirani.

"Atazungumza juu ya ng'ombe wa mahari," mama aliniambia aliporudi, "ao atazungumza juu ya majani?"

"Amesemaje?"

"Ameapa ng'ombe. Lakini alikuwa anacheka."

Asubuhi ya siku yenyewe Mwalimu akatokea na koti lililopigwa pasi, na mkononi kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo, mche wa nyanya. Kopo limejaa maji mpaka ukingoni, na mche umelala umenywea kama kitambaa cha deki.

"Nini hii?" mama akauliza.

"Hiyo iko hoja yangu, Mama Fundi."

Mama akaketi chini.

Mpango wake ulikuwa huu. Baba mdogo akizidisha maswali, Mwalimu atafunua kopo na kumuuliza: mche huu umekosa nini? Naye atasema umekosa maji. Hapo Mwalimu atalipindua kopo, maji yamwagike mbele ya wazee, kisha aseme: ndivyo mnavyomfanya kijana wetu, mmemmiminia maswali mpaka amefunga milango.

"Na asiposema maji?" nikauliza.

"Kila mutu anasema maji. Mi mwenyewe minasema maji."

Nikapewa kopo nilipakate garini, kwenye kamioneti, limefunikwa kitambaa, na amri nisilitikise. Suruali yangu nilikuwa nimeishona mwenyewe, rangi ya maziwa, kwa sababu fundi anayeposa hana budi kuonyesha kazi yake. Kumbukeni hiyo rangi.

Rugerero tukafungiwa nje ya lango, kama desturi, ila wao walitia chumvi. Jua likapanda. Tukakaa kwenye benchi kivulini, mimi na kopo langu mapajani, sitikisiki. Katika kukaa, nawaambia, hakuna wa kunifundisha. Nikasikia ubaridi unanishuka mapajani polepole. Nikasema moyoni, hii ndiyo hofu ya bwana arusi, watu huisimulia. Nikatulia zaidi. Tulikaa pale mpaka adhuhuri ikaitwa na kupita.

Lango likafunguliwa. Nikasimama, nikamkabidhi Mwalimu kopo, nikaingia chini ya hema mbele ya ukoo mzima wa Zaina. Mama mmoja akajifunika mdomo kwa kitenge. Kisha wa pili. Nikafuata macho yao, nikatazama chini, nikaiona suruali yangu. Kopo lilikuwa limeliwa na kutu kwenye kitako. Maji yote ya Mwalimu yalikuwa kwangu, mahali ambapo mwanamume hataki kuonekana amelowa siku ya posa.

Nikaketi haraka. Kuketi ndiyo fani yangu.

Baba mdogo, kifua mbele, akasimama. Alipitia mizaha yote kwa haraka kama mtu anayepita miji midogo asiyo na abiria, akafika alikotaka.

"Mwalimu, tukuheshimu kwa mvi zako, tuseme kweli. Kijana wenu hatoki. Kigali haijui. Goma anaiona kwa moshi wa volkano. Miaka yote hajatoka, na leo katoka mara moja," akanionyesha kwa mkono wote, "wenyewe mmeona yaliyompata."

Hema likaanguka kwa kicheko. Nilicheka na mimi, ningefanyaje? Zaina alikuwa ndani, na hata ndani nilisikia mtu anacheka, nikaomba Mungu asiwe yeye. Alikuwa yeye.

Mwalimu akangoja. Akainua kopo, akashika pembe ya kitambaa kama mtu anayefungua tuzo.

"Baba," akasema, "mbele ya kujibu, ninakuuliza kimoja tu. Huu muche umekosa nini?"

Akafunua. Nyanya ilikuwa imesimama wima, majani yamekunjuka, imejaa afya, inamtazama baba mdogo.

"Haujakosa kitu," akasema baba mdogo. "Mche mzuri sana. Ndiyo ng'ombe wenyewe?"

Mwalimu akaugeuza mche huku na huku akiutafutia ugonjwa. Mama yangu akaanza kuomba dua kwa sauti ya chini. Baba mdogo akavuta pumzi, na nikajua ni pumzi ya ile sentensi yake, ile ya kuturudisha. Ndipo Mwalimu akatia vidole chini ya kopo. Akavitazama. Akaitazama suruali yangu. Na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sikuipenda hata kidogo.

"Mungoje!" akapaza sauti. "Baba, usiseme kwanza! Hii nyanya asubui ilikuwa imelala. Imekufa! Uliza mama yake na kijana."

"Wallahi ilikuwa maiti," mama akasema. "Na ni yeye aliiua. Anaua zote. Aliua mrehani yangu!"

"Ndiyo, ni mi niliizamisha," akasema Mwalimu, kama anasifiwa. "Mizizi ikakosa pumzi, ikafunga milango. Sasa ni nani ameiponyesha? Munganga? Hakuna. Maji imetoka polepole, pumzi imeingia polepole, na mulango ikafunguka yenyewe kwa saa yake. Na imepata wapi hiyo nafasi? Juu ya magoti ya ule kijana! Wewe, baba, ungesikia baridi pale, ungefanya nini?"

"Ningelitupa kopo!"

"Ungelitupa. Mi pia ningelitupa, mi mutu wa kutembea. Yeye amekaa! Amelowa, mumemucheka, na angali amekaa. Mumea haiko na miguu, baba. Jua ikiwaka, haikimbilie Goma. Mafuriko ikikuja, haipande lori. Donc ilijifunza kitu siye batu ba miguu hatukijue: wakati wa kufunga, na wakati wa kufungua. Munaogopa kijana anakaa. Mi ninawaambia, siku Zaina atabisha hodi kwake, iko mutu ndani."

Baba mdogo akajikuna kidevu. "Kwa hiyo mnaniomba binti yangu nimuoze mti."

Watu wakacheka tena, na sikujua kicheko kile ni cha upande gani. Ndipo kutoka safu ya akina mama, mke wa baba mdogo, yule mama wa kwanza kujifunika mdomo, akautoa mdomo kwenye kitenge.

"Mpe!" akasema. "Mpe huo mti, baba Shabani! Mimi mwenzenu nimeolewa na barabara. Nikitaka kumsemesha mume wangu nasimama getini nasikiliza honi."

Jamani. Hema lilipiga vigelegele kabla ya mtu yeyote kutoa jibu. Baba mdogo alisimama pale na ile sentensi yake mdomoni, anaitafuna. Mwishowe akaimeza. Nilimwona akiimeza, ilishuka kama tonge kubwa, na kilichofuata ni tabasamu.

"Binti mtampata," akasema. "Na mche huu unabaki nao, ni wa nyumba yao. Lakini kwa sharti. Kwa hayo niliyoyasikia ya mrehani, Mwalimu aape hapa mbele ya wazee: katika nyumba ya Zaina hatamwagilia maji hata jani moja."

Mwalimu akainua mkono. Nimewahi kuona watu wakiapa kwa mambo mazito. Sijaona aliyeapa kwa uchungu kama ule. Ng'ombe aliwasahau kabisa, mpaka mama alipomfinya.

Alikitunza kiapo. Zaina alilima nyuma ya nyumba, nyanya zikajaa, na Mwalimu alikuja kila alasiri, hasa baada ya kustaafu, akipita katikati ya matuta mikono ameifunga nyuma ya koti, mkono mmoja umeshika mwingine. Akasaidia kwa maelezo. Alimweleza Zaina kila kilichokuwa kikitendeka chini ya udongo: saa hizi zinafungua, saa hizi zinafunga. Kisha angesimama kwenye mche uliolegea kwa jua la mchana, na vile vidole nyuma ya koti ungeviona vinahangaika.

Mke wake alipofariki, binti yake aliyeolewa Goma akasema baba asikae peke yake. Yeye aliyevuka mpaka kama anakwenda jikoni, sasa akavuka na godoro. Asubuhi alikuja kuaga. Nje kulikuwa na kijana wa chukudu, vyombo vyote vimefungwa juu ya lile gari la mbao. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Mwalimu alipita moja kwa moja mpaka nyuma, akasimama kwenye matuta. Amekonda, koti limekuwa kubwa mwilini.

"Zinaniangalia," akasema.

Zaina akaingia jikoni, akatoka na kopo lake la kumwagilia, akampa mkononi. Nilitaka kusema kitu. Mke wangu akanikanyaga.

Mwalimu akaanza tuta la kwanza. Aliinama kwa kila mche, akainamisha kopo, akangoja, akasogea kwa mwingine. Alifanya taratibu sana, hakuruka hata mmoja. Nilitazama udongo. Ulikuwa mkavu nyuma yake kama ulivyokuwa mkavu mbele yake. Hakuna tone lililotoka. Alipomaliza la mwisho, akamrudishia Zaina kopo, akajifuta mikono mikavu kwenye koti.

"Zimekunywa, baba?" Zaina akauliza.

"Zimekunywa, mutoto wangu. Zimeshiba." Akamtazama. "Na kiapo?"

"Kipo palepale."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akageuka kutoka. Tulipofika barazani, mimi nikainama chini ya cherehani, nikawa natafuta kitu.

"We fundi, umepoteza nini huko?"

"Viatu."

"Viatu vya nini?"

"Nakusindikiza."

"Mupaka kwenye kona?"

"Mpaka Grande Barrière."

Mwalimu akamtazama Zaina, akanitazama mimi nikifunga kamba za viatu ambavyo ngozi yake ilikuwa bado mpya, kisha akashangaa kwa Kinyarwanda, akimwita kijana wa chukudu kwa sauti iliyojaa mtaa mzima:

"Yampaye inka! Kuja uone! Imeota miguu!"